Mfalme Aliyetamani Mboga

Mvua za masika zimekwisha, mahindi yaingia ghalani, na kipupwe kimefika. Tangu Juni hadi Agosti, katika nyanda za Lushoto, Njombe na Mbeya, asubuhi huwa za baridi. Hata pwani joto hupungua. Ndio wakati ambao kabichi hufunga vema, karoti hunenepa, na njegere huchanua pasipo kuunguzwa na jua. Lakini katika nyumba nyingi ndio wakati ambao baba hulitundika jembe lake, akisema, "Mavuno yamekwisha, mboga ni kazi ya wanawake."

Ndugu zangu, Maandiko Matakatifu yatusimulia habari za mtu aliyetamani mboga pasipo kutoa jasho. Mfalme Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi, lililokuwa karibu na jumba lake, alifanye bustani ya mboga. Nabothi akakataa, kwa kuwa ulikuwa urithi wa baba zake. Mfalme akajilaza kitandani, akasusa chakula. Ndipo Yezebeli akafanya hila, na Nabothi asiye na hatia akauawa kwa mawe.

Sisi hatukuua mtu. Walakini baba aketiye kula, akadai mboga iliyomwagiliwa, ikapaliliwa na kuchumwa na mkewe, ambaye siku hiyo hiyo alikwisha kutafuta kuni na kumbeba mtoto mgongoni, na ajiulize: nala jasho la nani?

Basi, ewe baba, kipupwe hiki anza wewe. Lima matuta mawili nyuma ya nyumba, uchanganye samadi iliyooza. Sia kabichi kitaluni. Baada ya majuma 4 hadi 6 uhamishe miche, ukiacha nafasi ya sentimeta 45 hadi 60. Karoti usizihamishe: zisie papo hapo zitakapokulia, kisha uzipunguze. Tandaza majani makavu, udongo usikauke upesi. Na jioni ndoo ya maji uichukue wewe mwenyewe, watoto wakikutazama. Hapo watajifunza, pasipo hotuba, kwamba kuwatumikia wa nyumbani si fedheha.

Asubuhi ya Pasaka, Maria Magdalena alimdhania Bwana Mfufuka kuwa mtunza bustani. Bwana hakumkemea, alimwita kwa jina lake. Ikiwa Mwokozi alidhaniwa hivyo asione haya, wewe waona haya gani kushika ndoo?