Je, Ufa Utangazwe?

Wahenga walituusia ya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Wosia huu ni mwema, lakini umeacha jambo moja bila kulitaja. Aliyeuona ufa, na ukuta si wake, afanye nini? Anyamaze ili wezi wasisikie, ama atangaze ili watu wajihadhari? Hilo, msomaji, ndilo swali ninalokuletea.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya Kaunti ya Kilifi. Mwanafunzi mmoja alinijia faragha akasema, "Mwalimu, niwie radhi. Neno la siri la kompyuta yenye alama za mtihani ni jina la shule na mwaka tu. Mtu yeyote aweza kulikisia." Nilimshukuru, kisha nikamwonya asilitaje jambo hilo popote. Nami sikumweleza mwalimu mkuu, kwa kuwa neno lile nililichagua mimi mwenyewe, nikaogopa aibu. Kabla ya muhula kwisha alama zilibadilishwa na mtu asiyejulikana, na wa kwanza kushukiwa akawa kijana yule yule aliyenionya. Ilinibidi nisimame mbele ya walimu wenzangu nikiri kosa langu. Kunyamaza kwangu hakukuuficha ufa kwa mwizi. Kuliuficha kwa mtu ambaye angeuziba.

Wapo wasemao kuwa kutaja udhaifu hadharani ni kumpa mwizi ufunguo. Hoja yao si ya kudharauliwa. Tuseme fundi amegundua kuwa makufuli ya maduka mengi ya Malindi hufunguka kwa msumari. Akipiga mbiu jioni, yamkini maduka yataibwa kabla ya alfajiri, maana kuvunja ni kazi ya dakika, na kubadili makufuli ni kazi ya siku nyingi.

Hata hivyo, siri nayo ina hatari zake. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alilifungua kwa dakika 25 hivi kufuli la Chubb lililosifiwa sana kwa usalama. Kisha akalifungua la Bramah, ambalo kwa miaka mingi liliwekewa zawadi ya guinea 200 kwa atakayeliweza. Kazi hiyo ilimchukua saa 51 katika muda wa siku 16. Baadhi ya watu walimlaumu kuwa anawafundisha wezi. Waliomtetea walijibu kuwa mwizi ni fundi wa kazi yake, na aghalabu hujua zamani lile ambalo mwenye mali halijui. Baada ya fedheha ile, watengenezaji walijitahidi kuunda makufuli bora zaidi.

Leo fedha na siri zetu zimefungiwa ndani ya simu na kompyuta. Wachunguzi wengi wa mitambo hiyo wana desturi ya kumwarifu mtengenezaji kwa siri, na kumpa muda, mara nyingi siku 90, auzibe ufa kabla ya kutangazwa. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 humtaka mtunzaji wa habari za watu, zikivuja kwa namna ya kuwahatarisha, amwarifu Kamishna wa Data katika saa 72, na wenye habari hizo nao wajulishwe. Lakini kijana asighafilike: sheria ya mwaka 2018 ya makosa ya kompyuta inakataza kuingia katika kompyuta ya mtu bila ruhusa. Mlango ulioachwa wazi si idhini ya kuingia.

Basi hukumu yangu ni hii. Ukiona jahazi linavuja bandarini Kilifi, mwambie nahodha kwanza, tena kwa adabu, umpe nafasi ya kulikalafati. Akikataa, na abiria wanapanda, waambie abiria, kwa kuwa watakaozama ni wao. Waambie kuwa jahazi linavuja. Usimfundishe mtu jinsi ya kulizamisha. Na ukiwa wewe ndiwe nahodha, usimkasirikie anayekuletea habari. Mimi nilimnyamazisha mmoja, na nusura afukuzwe shule kwa kosa langu.