Bei ya Muda

Mwenye tuktuk aliyelemewa na marejesho huwa na njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kurudi kwa aliyemkopesha na kupanga mkopo upya, muda urefushwe na malipo ya kila mwezi yapungue. Ya pili ni kukiuza chombo kingali na bei, deni lilipwe, na kinachobaki kiwe chake. Huku Likoni jambo hili huzungumzwa kama hesabu, na kweli lina hesabu ndani yake. Lakini mkopo ni ahadi, na Mwislamu na Mkristo wote wawili wamefundishwa kwamba ahadi itaulizwa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni njia ipi yenye nafuu, ni haki kuuliza ni ipi iliyo halali kwa dhamiri. Hoja yangu ni kwamba kupanga mkopo upya kwa nyongeza ni kununua muda, na muda ndicho kitu ambacho mtu aliyekwama hafai kuuziwa. Chombo kisichojilipa kiuzwe mapema. Na anayedai naye ana wajibu wake, ambao hautajwi kama inavyostahili misikitini wala makanisani mwetu.

Tuanze na chombo chenyewe, kwa maana ndicho dhamana. Logbook huandikwa majina mawili, la mnunuzi na la mkopeshaji, na mpaka senti ya mwisho ilipwe mwenye tuktuk anaendesha mali ambayo ni yake nusu. Kila asubuhi kabla hajapata faida ana mafuta, ana bima, ana matairi, ana leseni na ukaguzi wa kila mwaka. Tangu Julai 2023, kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilipotoka asilimia 8 hadi 16, hesabu hiyo imezidi kubana, na nauli ya kwenda Mtongwe, Timbwani au Shika Adabu haipandishwi ovyo, maana abiria naye mfuko wake mwepesi na bodaboda iko pembeni inangoja. Kazi yenyewe imefungwa na kivuko cha Likoni. Watu wa miguu huvuka bure na kumiminika kwa mamia. Feri moja ikiharibika, mmiminiko huo hukatika na madereva hubaki wamekaa stejini wakitazama maji. Marejesho hayangoji feri ipone. Mkopo umepangwa kana kwamba kila siku ni sawa na ya jana, ilhali pato la tuktuk hupanda na kushuka kila kukicha.

Sasa tuchukue hesabu ya mfano tu. Mtu amebakiwa na deni la shilingi 180,000, alilipe kwa miezi 12, shilingi 15,000 kila mwezi. Ameshindwa. Anaambiwa mkopo utapangwa upya kwa miezi 24, atalipa 10,500 kwa mwezi. Anapumua, kwa sababu macho yake yako kwenye ile 4,500 iliyopungua. Lakini 10,500 mara 24 ni 252,000. Amekubali kulipa shilingi 72,000 zaidi ili apate nafuu ya shilingi 150 kwa siku. Hakupewa mafuta, hakupewa tairi, hakupewa spea hata moja. Alichouziwa ni miezi 12. Na katika miezi hiyo 24 tuktuk inazeeka, injini inataka kufunguliwa, bei yake sokoni inateremka kila mwezi. Kama leo ingeuzwa 220,000, leo angelipa deni lote na kubaki na 40,000 mkononi. Akingoja mpaka akamatiwe chombo na dalali akipige mnada, bei haitakuwa yake kuipanga, na gharama za kukamata na kuuza zitaongezwa juu ya deni.

Biashara hii ya kuuza muda si ngeni. Wafasiri wa Qurani wanapoeleza riba ya zama za jahiliya huielezea hivi: deni likiiva, mwenye kudai alimtaka mdaiwa achague, alipe sasa hivi au deni liongezwe na muda usogezwe. Aliyekuwa nacho alilipa. Asiyekuwa nacho alichagua nyongeza, kwa kuwa hakuwa na chaguo jingine, na deni likavimba. Aya ya 130 ya Sura Aali Imran inakataza riba inayozidishwa maradufu, na aya ya 280 ya al-Baqara inaweka hukumu iliyo kinyume kabisa na desturi ile: mdaiwa akiwa na dhiki, apewe muda mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Tazama jinsi muda ulivyotolewa sokoni. Haukukatazwa, uliamriwa, ila umefanywa kuwa haki ya mwenye dhiki, si bidhaa ya mwenye fedha. Mwaka 1990 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lenye makao yake Jeddah lilipochunguza biashara ya kulipa kwa awamu, lilikubali bei ya awamu iwe kubwa kuliko bei ya taslimu pale mwanzoni, lakini likasema mnunuzi akichelewa asiongezewe kitu, kwa sharti la awali wala bila sharti. Kwa kipimo hicho, ile karatasi ya miezi 24 haina tofauti ya maana na desturi ya jahiliya.

Patakuwa na wa kuniambia kwamba aya ya maradufu ilikusudia unyonyaji mkubwa tu, na kwamba riba ya kiasi si dhambi. Wanazuoni walio wengi hawakuielewa hivyo. Hata hivyo, tuikubali hoja ya riba ya kiasi kwa muda, tuone itatufikisha wapi. Sheria ya Kenya yenyewe imechora mstari pale pale kwenye maradufu: kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinazuia riba ya mkopo usiolipika isizidi lile deni la msingi lililobaki. Bunge lililopitisha kifungu hicho halikuwa baraza la masheikh, lakini liliona kwamba deni likiachwa lizaane bila mpaka humla mtu mzima mzima. Tatizo ni kwamba kifungu hicho kiliandikiwa benki na taasisi za aina hiyo, na wengi wanaokopesha tuktuk na bodaboda si benki. Ni Desemba 2024 tu ambapo sheria iliwaweka wakopeshaji wasiopokea amana kwa jumla chini ya jicho la Benki Kuu. Basi hata anayeridhika na riba ya kiasi, hana uhakika kwamba karatasi aliyowekewa mbele yake inakijua kiasi.

Pingamizi zito zaidi ni la maisha. Tuktuk si gari la starehe. Ndiyo jiko la watu wazima na watoto. Ukimwambia mtu auze, umemwambia akae bure, au arudi kuendesha chombo cha tajiri na kumpelekea hesabu kila jioni. Maandiko yanaliona hili. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inakataza mtu kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuweka rehani uhai wa mwenye jiwe. Nayo fiqhi imejadiliana: Mahanbali humwachia fundi aliyefilisika zana za kazi yake, ilhali madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii, ni makali zaidi, na katika Minhaj ya Imam an-Nawawi hata nyumba ya aliyefilisika huuzwa. Mimi moyo wangu uko na Mahanbali katika hili. Lakini huruma yao ililinda zana inayomlisha mwenyewe. Tuktuk ambayo ikishatoa mafuta na marejesho haiachi hata pesa ya unga, inamlisha nani? Dereva anaamka alfajiri kwa ajili ya mkopeshaji, na chakula cha nyumbani anakikopa dukani. Hapo amekwisha kuwa mwajiriwa, tena mwajiriwa anayebeba hasara ya mwajiri. Kuendesha chombo cha tajiri kwa muda ni kurudi nyuma, sikatai, ila hesabu ya tajiri huisha jioni, nayo haimfuati mtu akiugua.

Hoja ya dharura nayo hujibiwa hapo hapo. Ni kweli dharura huhalalisha kilichoharamishwa, ila hupimwa kwa kadiri yake. Dharura ni chakula, dawa, paa. Kukimiliki chombo hiki mahususi, chenye jina lake lililoandikwa nyuma na stika alizozichagua mwenyewe, ni kitu kinachopendwa, na kukipoteza kunauma, lakini hakijafika daraja hiyo maadamu kukiuza kunamwacha mtu huru na akiba kidogo mkononi. Wengine hushikilia kwa imani: riziki ni ya Mungu, mwezi ujao utafunguka. Sina ugomvi na imani hiyo. Riziki ni ya Mungu, ila ahadi ya kulipa nimeitoa mimi, na siwezi kumtia Mungu saini katika mkataba ambao naona kwa macho yangu kwamba pato langu haliutoshi. Kuhusu aibu ya kuonekana umeshindwa, inatosha kukumbuka kwamba Muadh bin Jabal, mmoja wa masahaba wakubwa kwa elimu, inapokewa kuwa mali yake iliuzwa na Mtume ili wanaomdai walipwe, na heshima yake haikupungua hata chembe.

Hii haimaanishi kwamba kila kupanga upya ni kosa. Ikiwa upungufu una mwisho unaojulikana, mfano injini iliyokuwa gereji na sasa imerudi barabarani, na mkopeshaji akakubali kusogeza tarehe bila kuongeza deni, huo ndio muda ulioamriwa, uchukuliwe kwa shukrani. Au kama riba kwa jumla imeshuka, kama ilivyoanza kushuka baada ya Agosti 2024 Benki Kuu ilipoanza kukipunguza kiwango chake kutoka asilimia 13, mtu mwenye mkopo wa zamani anaweza kupata mpya wenye jumla ndogo. Kwa aliye tayari ndani ya riba, naiona ni hatua ya kutoka. Kipimo ni jumla yote, si malipo ya mwezi. Na kuuza nako kuna adabu yake. Kilicho rehani hakiuzwi kwa siri. Fiqhi inataka idhini ya mwenye rehani, na mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, hauhamishi umiliki bila mkopeshaji kuachia. Mtu aende mapema, kabla hajakosa malipo mengi, aombe hesabu ya kufunga deni kwa maandishi, kisha amtafute mnunuzi mwenyewe.

Inabaki hali ngumu kuliko zote, pale chombo kinapouzwa na bei isitoshe deni. Katika Sahih Muslim imo hadithi ya mtu aliyenunua matunda yakaangamia, madeni yakamzidi. Mtume aliwaambia watu wamtolee sadaka. Wakatoa, haikufika. Ndipo akawaambia wanaomdai wachukue kilichopatikana, na zaidi ya hapo hawana kitu. Angalia mpangilio: jamii ilitangulia, kisha wanaodai wakakubali hasara yao. Nehemia naye, katika sura ya 5, aliwakabili wakubwa wa Yerusalemu waliochukua mashamba ya ndugu zao waliokopa ili wale na walipe kodi, akawataka warudishe. Sisi tumeligeuza jambo hili likawa la mdaiwa peke yake. Wadaiwa ni fungu mojawapo katika mafungu manane ya zaka yaliyotajwa katika Sura at-Tawba, lakini zaka ya mitaa yetu, kwa sehemu kubwa, hutoka kama unga na mchele wa Ramadhani. Kamati ya msikiti Bofu au Mtongwe, au jumuiya ndogondogo ya Wakatoliki, ikimjua kijana aliyeuza tuktuk yake kwa uaminifu na kubakiwa na deni la shilingi 20,000 lisilolipika, ingeweza kukaa naye pamoja na mkopeshaji meza moja, iombe sehemu isamehewe, na sehemu iliyobaki ilipwe kutoka katika mfuko ambao tayari upo.