Mtoto Hujaribiwa Kabla ya Kukabidhiwa

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyemleta mwanadamu duniani hali ya kuwa dhaifu, kisha akamjaalia nguvu. Na sala na salamu zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu Waislamu! Baba wa pwani hutaabika umri wake wote. Hupanda minazi, hujenga nyumba, hufungua duka. Na akiulizwa ni kwa ajili ya nani, hujibu: ni kwa ajili ya watoto. Lakini mara nyingi mtoto huyo huyo hajapata hata siku moja kushika ufunguo wa duka hilo. Akiingia, huambiwa atoke asije akaharibu hesabu. Akitaka kupanda chomboni, huambiwa bahari ni mbaya. Huota ndevu naye hajui nazi huuzwa kwa bei gani, wala baba anadaiwa na nani. Kisha baba hufa. Arobaini haijesha, shamba limekwisha tiwa rehani. Mwaka haujesha, nyumba imeuzwa. Hapo watu husema: watoto wa siku hizi hawana akili. Na lililo haki ni kusema kwamba hawakufunzwa.

Jambo hili Mwenyezi Mungu amelibainisha. Katika Sura ya Nisaa, aya ya 6, amewaamrisha mawalii wa mayatima wawajaribu mayatima hao mpaka wafikie umri wa kuoa. Wakiona kwao uongofu wa akili, ndipo wawakabidhi mali yao, na mbele ya mashahidi. Basi zingatieni mpango wake: kujaribu kumetangulia, kukabidhi kumefuata. Umri peke yake hautoshi. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, aliyebaleghe bila ya uongofu huo hapewi mali yake, hata akiwa mtu mzima. Na ikiwa yatima hufanyiwa hivi, mtoto mwenye baba aliye hai ana haki zaidi ya kufunzwa na baba yake.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaji jinsi ya kumjaribu mtoto. Mtoto wa mfanyi biashara hujaribiwa kwa kuuza na kununua. Mtoto wa mkulima, kwa mambo ya kilimo na matumizi ya vibarua. Na mwanamke, kwa kusokota na kuhifadhi chakula kisiliwe na paka. Tena si mara moja, bali mara mbili au zaidi. Na wakati wake ni kabla ya kubaleghe: mtoto hupatana bei mwenyewe, na ikifika kufunga mauzo, walii hufunga. Wanavyuoni wakaongeza kwamba mali aliyopewa mtoto kwa kujaribiwa ikipotea mkononi mwake, walii halipi. Yaani sharia imekwisha kujua ya kuwa mtoto atakosea, na haikulifanya kosa hilo kuwa sababu ya kumnyima kujaribiwa.

Mwenye kutaka kuyaona haya kwa macho, na aangalie bara, katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoa wa Manyara. Wala si aibu kwa Muislamu kuzingatia mwendo wa watu wengine, kwani Mwenyezi Mungu ametuma watu watembee katika ardhi na watazame. Katika bonde la Yaeda, huko Mbulu, wako Wahadzabe, watu wa kuwinda na kuchimba mizizi. Mtoto wao wa kiume hupewa upinde mdogo angali mchanga sana, akalenga ndege na wanyama wadogo. Watoto hufuatana kwa makundi, wakachuma matunda ya porini, wakapasua mabuyu kwa mawe, wakala kwa jasho lao. Katika miaka ya 1980 wataalamu, miongoni mwao Nicholas Blurton Jones na Kristen Hawkes, waliyapima yale waliyoyakusanya watoto hao, wakaona ya kuwa ni sehemu kubwa ya chakula chao wenyewe.

Na chini ya mlima Hanang, Wabarabaig ni wafugaji. Mtoto wao haanzi kwa kuachiwa kundi zima la ng'ombe. Huanza na ndama na mbuzi karibu na boma, ambapo akilia husikika. Akiisha kuwaweza hao, hufuatana na kaka zake machungani. Mwisho huenda mbali, naye amekwisha kujua majani, maji na nyayo za fisi. Hakuna siku moja aliyoamka akaambiwa: leo umekuwa mtu mzima. Utu uzima ulimjia kidogo kidogo, baba akitazama.

Lakini jihadharini, enyi akina baba, msije mkafahamu kwamba kumjaribu mtoto ni kumtupa. Wataalamu wale wale waliwatazama pia watu wa jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, ambao nao waliishi kwa kuwinda na kuchuma. Wakawaona watoto wao wamekaa kambini, hawatafuti chakula. Kwani nchi ile ni tambarare na kavu, chakula ki mbali, na mtoto hupotea upesi. Basi wazazi wale hawakuwadekeza watoto, bali waliijua nchi yao. Kila baba na apime nchi yake, na kazi yake, na nguvu za mtoto wake. Wala si halali kumfanya mtoto kuwa kibarua asiye na ujira, akakosa chuo na shule kwa sababu ya ng'ombe au duka. Hiyo ni dhuluma, na faida yake ni ya baba peke yake.

Na kigezo chema ni Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie. Yeye mwenyewe katika ujana wake alichunga kondoo wa watu wa Makka. Ameagiza watoto waamrishwe sala wakiwa na miaka 7, wala mkazo usije ila kwenye miaka 10. Ni miaka mitatu ya kuzoezwa. Anas bin Malik aliingia kumtumikia naye ni kijana mdogo, akakaa miaka 10, akasimulia ya kwamba hakupata kumkemea hata mara moja kwa alilolifanya au aliloliacha. Na mwaka wa 11 wa Hijra alimpa Usama bin Zaid uamirijeshi, naye yapata miaka 18, katika jeshi lenye masahaba wakubwa. Watu walipomnung'unikia kwa ujana wake, Bwana Mtume alimtetea mbele yao.

Basi, ewe mwenye duka, mpe mwanao rafu moja aiangalie. Akipata hasara, kaa naye mhesabu pamoja, wala usimfedheheshe mbele ya wanunuzi. Ewe nahodha, mwanao na aanze kwa kufua maji, kisha ashike usukani kukiwa shwari nawe u ubavuni mwake. Ewe mwenye shamba, mwonyeshe mipaka na majirani, na umwambie madeni yako ungali hai. Na binti yako umfundishe kuihifadhi mali yake, kwani ana fungu lake katika mirathi, na asiyejua chake hudhulumiwa. Hasara ya rafu moja leo ni ndogo kuliko hasara ya nyumba nzima baada ya kufa kwako.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu watoto wema walio waongofu, wenye kuhifadhi dini na amana, na awape akina baba subira ya kuwafunza. Amin.

Wallahu aalam.