Je, Tarikhi ni Ilimu Isiyo na Faida?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Amma baad:

Mzazi mmoja wa mji wetu alitujia kutaka shauri. Mwanawe ameitwa Chuo Kikuu cha Egerton, huko Njoro karibu na Nakuru, akasome tarikhi na fasihi. "Sheikh," akasema, "lau ni utabibu ningeuza hata shamba. Lakini khabari za waliokwisha kufa zitamlisha nani? Heri nimzuie."

Hofu yake twaifahamu, kwani kazi ni adimu na karo ni nzito. Wala hatusemi utabibu uachwe. Huo ni faradhi kifaya, wakikosekana wa kuufanya umma wote huingia makosani. Lakini kuyajua mambo ya wanaadamu nako ni katika faradhi hiyo, na dalili iko huko huko Nakuru.

Mwezi wa Januari 2008, baada ya uchaguzi, watu waliuawa na majirani zao katika Nakuru na Naivasha kwa sababu ya kabila. Waliambiwa nani mwenyeji na nani mgeni, na wengi wakasadiki. Hatusemi kwamba kitabu peke yake kingalizuia panga. Lakini mwenye kusoma angalijua kwamba Wamaasai waliondolewa bondeni kwa mkataba wa mwaka 1904 ili walowezi wa Kizungu wapate ardhi. Kwamba makabila mengine yalikwenda kufanya kazi katika mashamba hayo. Na kwamba Egerton yenyewe ilianzishwa mwaka 1939 kuwa skuli ya ukulima ya vijana wa Kizungu. Ajuaye dhuluma ilikoanzia hamlipizi jirani aliye maskini kama yeye.

Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Suratul Hujurat kwamba ametufanya mataifa na makabila ili tujuane. Je, tutajuana vipi, na hali hatuzijui lugha za wenzetu wala yaliyowapata? Naye Ibn Khaldun, katika Mukaddima aliyoiandika mwaka 1377, alifundisha kwamba khabari isipokewe kwa kuwa imesemwa tu, bali ipimwe. Huko ndiko kusoma tarikhi: si kukariri majina ya wafalme, bali kuuliza nani amesema, amejuaje, na ana faida gani.

Nasi watu wa Mwambao tuna khabari zetu za ardhi, tangu sheria ya hati ya mwaka 1908 hata leo. Tusipotoa vijana wa kuzichungua na kuziandika, wataziandika wengine wapendavyo.

Basi tulimwambia mzazi yule: mpeleke mwanao, umuusie sala zake, na asome Kiswahili pamoja na tarikhi, apate pia kazi ya kufundisha. Rizki ni ya Mwenyezi Mungu. Nanyi wenye uwezo, karo ya kijana kama huyu ikipungua, msiseme ni ilimu isiyo na faida. Mchangieni kama mngalivyomchangia tabibu.

Wabillahi tawfiq.