Rehema Iliyoshushwa kwa Kipimo

Tusikiapo kwamba mwaka 2024 ulipita kwa joto miaka yote iliyotangulia kupimwa, na kwamba maji ya bahari yanazidi kupanda, hatukosi mtu wa kutuambia kuwa hiyo ni kudura ya Mwenyezi Mungu, na mja hana hila mbele ya kudura. Kauli hiyo ina sura ya uchaji, lakini yafaa tuipime.

Tuanze na namna hewa inavyonasa joto. Mwaka 1859, huko London, mwanasayansi John Tyndall alitwaa bomba, akaziba ncha zake kwa vibamba vya chumvi ya mawe, maana kioo huuzuia mwali wa joto, kisha akapitisha joto humo na kujaribu hewa moja baada ya nyingine. Oksijeni na naitrojeni, ambazo ndizo takriban hewa yote tuvutayo, zililiacha joto lipite. Bali mvuke wa maji na hewa ya ukaa, ijapokuwa ni haba, vililizuia. Ndivyo ilivyo angani: nuru ya jua hushuka, ardhi ikapata moto, na joto lipandalo likanaswa na hewa hizo, kisha sehemu yake ikarudishwa kwetu. Lau si hizo, wastani wa joto la dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya 15 juu yake. Basi asili yake ni rehema.

Lakini rehema hiyo ina kipimo. Kabla ya zama za viwanda, hewa ya ukaa ilikuwa kama sehemu 280 katika milioni. Mwanasayansi Charles Keeling alipoanza kuipima katika mlima wa Mauna Loa mwaka 1958 ilikuwa imefika 315, na leo imepita 420. Nyongeza hiyo imetoka katika makaa ya mawe, mafuta na misitu iliyochomwa kwa mikono ya watu, na kuiita kudura ili kujivua dhima ni kumsingizia Muumba tendo la mja.

Hapo ndipo dhuluma inapodhihiri, kwa kuwa mkulima wa Dodoma, ambaye mchango wake katika moshi huo ni chembe tu, ndiye angojaye mvua asizojua zitakuja lini, na kwa kuwa sehemu ya hewa hiyo hudumu angani karne nyingi, madhara yake yatawafika hata wasiozaliwa. Maulamaa wametufundisha kwamba aliyekula haki ya mwenziwe haitimii toba yake kwa istighfari peke yake, mpaka airejeshe kwa mwenyewe. Basi na tuswali sala ya kuomba mvua. Lakini taifa tajiri lisilopunguza kuchoma wala kumfidia aliyedhuriwa, toba yake haijaanza, na sisi tunaoteketeza msitu huku tukitaja kudura tumo katika hesabu hiyo hiyo, kila mmoja kwa kadiri ya alichokiharibu.