Nani Alimchagua Malkia?

Jaribio langu la kwanza la kuzalisha malkia wa nyuki: nilihamisha mabuu kumi, ya umri wa siku moja, kwa brashi nyembamba ya rangi hadi vikombe vya nta. Mzinga usio na malkia ukalea mawili tu. Mengine, zii.

Kinachoninyima usingizi ni hiki: malkia na kibarua hutokana na yai la aina moja. Tofauti ni chakula. Mmoja ataishi miaka, mwingine wiki chache. Na mimi nilichagua vipi? Nilichukua yaliyokuwa karibu na mkono wangu, basi.

Halafu tukimwona aliyefaulu mtaani tunasema, "Huyo alizaliwa hivyo." Mimi siwezi tena. Nauliza kwanza alilishwa nini, na nani aliachwa kwenye sega.