Maskini wa Mlangoni na Mtoto wa Tajiri



Ndugu wengi hutuuliza sisi mashemasi: je, Mungu hutuma taabu juu ya mtoto ili amfundishe? Swali hili si jepesi. Tuchukue mfano wa mbali.

Mwaka 1930, katika mji wa Shanghai, nchi ya China, alizaliwa mtoto wa Kiingereza, James Graham Ballard. Baba yake alikuwa mkubwa wa kampuni ya nguo. Nyumbani kulikuwa na maboi wengi na motokari yenye dereva. Mlangoni alikaa mzee mmoja mwombaji, kama Lazaro wa Luka 16. Mtoto alimwomba mama yake wampe kitu. Mama akakataa, maana wangekuja wengine wengi. Baridi ilipofika, theluji ikamfunika yule mzee, akafa. Ballard aliyasimulia hayo akiwa mzee mwenyewe.

Disemba 1941 Wajapani wakauteka mtaa wa wageni. Mwaka 1943 mtoto huyo, mwenye miaka 12, pamoja na baba, mama na dada yake mdogo, wakatiwa katika kambi ya Lunghua. Watu wanne, chumba kimoja kidogo. Mchele ulikuwa na wadudu. Baba akasema wale na wadudu pia, ndiyo nyama yao. Wakakaa humo hadi Agosti 1945. (Katika kitabu chake cha 1984 aliandika kwamba mtoto yuko kambini peke yake, bila wazazi. Tunaelewa: mzazi asiye na chakula wala amri, mtoto humwona kama hayupo.)

Hatukubali kwamba Mungu alimfunga mtoto huyo kwa ajili ya mzee wa mlangoni. Mtoto ndiye aliyemwombea! Na kama kambi ni shule ya Mungu, mbona wengi hutoka humo na moyo wa jiwe? Vita ya 1996 na ile ya 1998 ziliwatembeza watoto wa wakubwa porini pamoja na watoto wa maboi wao. Walikula mihogo mibichi pamoja. Amani kidogo iliporudi, mmoja akarudi mezani, mwingine jikoni, wala hawakuamkiana tena.

Papa Simon Kimbangu alifungwa miaka 30, tangu 1921 hadi kufa kwake 1951 huko Elisabethville. Gereza halikumpa upendo, aliingia nao.

Tena someni Kutoka 2. Musa alilelewa katika nyumba ya Farao, wala hakuna aliyemtia kambini. Alitoka kwa miguu yake mwenyewe, akaitazama mizigo ya ndugu zake.

Basi neno linaturudia sisi wakubwa. Mtoto huona mapema, na sisi ndio tunaomfundisha kutoona. Yule mama hakuwa mtu mbaya. Hesabu yake ilikuwa ya kweli, wangekuja wengi. Hesabu hiyo hiyo tunaifanya kila Jumapili. Mtoto wa mwenye motokari tunampeleka benchi la mbele. Wale waliokimbia vita tunawaacha nje juani, eti nafasi haitoshi.

Jumapili iliyopita mtoto mmoja wa benchi la mbele alitoka katikati ya mahubiri, akaenda kukaa chini pamoja nao. Sisi tunaoandika haya ndio tuliomshika mkono na kumrudisha ndani. Tumekwisha kwenda kwao, tukamwomba msamaha mbele ya mama yake.